"Strongly sorry" ina kosa gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Juzi mgeni alikosa maji ya moto nikamwandikia imeili, "I am strongly sorry", meneja akanirudishia akasema hicho sio Kiingereza. Nimeangalia kamusi, strongly ni kwa nguvu, sorry ni samahani, sasa kosa liko wapi? Na nitajuaje neno lipi linaenda na lipi, maana kila nikibahatisha nakosea.
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Gramari yako iko sawa kabisa, ila hayo maneno mawili hayajazoeana. Hebu nikuulize, kwa nini tunasema giza totoro, nyeupe pe, nyeusi tii, kulala fofofo, kulowa chepechepe? Mtu akikwambia "shati jeupe totoro" utamwelewa, lakini hapohapo utajua huyu Kiswahili kakikuta ukubwani. Hakuna aliyekufundisha darasani, uliyasikia nyumbani yakienda pamoja mpaka yakakukaa. Kiingereza nacho ndo hivyohivyo, na meneja wako alichosikia ni giza pe.

Sasa sorry inaenda na deeply, maana deeply inapenda mambo ya moyoni, deeply grateful, deeply hurt. Strongly ni ya msimamo na maoni, ndo maana watu wanasema strongly believe, strongly disagree, strongly advise. Mvua nayo hainyeshi strongly, inanyesha heavily, na heavily hiyohiyo ndo ya mlevi, drinks heavily, na ya mama mwenye mimba kubwa, heavily pregnant, yaani ukifuata uzito wa kwenye mzani utapotea. Kuna mahali tunakutana nao, sisi tunalia kwa uchungu na wao wana cry bitterly, ila wao uchungu huo wanaupeleka mpaka kwenye baridi, bitterly cold, na mi hii niliipenda toka siku ya kwanza kuisikia. Fofofo yao ni fast asleep. Usishangae fast inatafuta nini kwenye usingizi, zamani neno hilo lilikuwa na maana ya kukaza, kushika imara, na ndo maana mpaka leo kufunga mkanda wa kiti ni fasten.

Kwa hiyo usiandike strongly peke yake kwenye daftari na maana yake pembeni, wengi wanaumia hapo. Andika maneno yote mawili kama ulivyoyasikia kwa mgeni au redioni, na ikiwezekana sentensi nzima.

Ukikwama, very sorry ni Kiingereza safi, usiogope. Ila kwenye exhausted, yaani kuchoka hoi, au delicious, yaani tamu sana, very haikai vizuri, hayo yameshajaa "sana" ndani yake tayari, yape absolutely.

Huyo mgeni wako mwandikie tu "We are very sorry about the hot water". Deeply ni kubwa mno kwa maji ya moto, iweke kwa siku mgeni atakapopotelewa na begi lake mikononi mwenu.