Kitambaa cha mahindi, je, kitaoza baharini?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nashona mikoba ya ufukweni hapa Pangani. Muuzaji ananishawishi ninunue kitambaa cha PLA. Anasema kimetokana na mahindi, hata kikiangukia baharini kinaoza. Bei yake imepita ya pamba. Nichukue?
Fundi cherehani

JIBU: Marahaba mwanangu. Ya mahindi ni kweli: PLA ni plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mimea kama mahindi. Ya bahari, hapana. PLA huoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani, penye joto la nyuzi 60 hivi. Bahari yetu ikifika huko, wavuvi watavua samaki waliokwisha kuiva! Watafiti wa Scripps, taasisi ya elimu ya bahari huko California, Marekani, walitumbukiza vitambaa katika bahari ya hapo kwao La Jolla, wakatoa matokeo mwaka 2023: vya selulosi ya miti, yaani nyuzi za mmea kama ilivyo pamba, vilioza kwa takribani mwezi mmoja, vya PLA vilipita siku 400 vikiwa vizima.

Marehemu mama yangu alikuwa akifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, miezi na miezi, kisha anayaponda na kusokota kamba. Hakuna aliyemwuzia neno la kigeni.

Chukua pamba, au mkonge kwa vishikio. Choma uzi mmoja kabla hujalipa: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ukiona umeyeyuka ukaganda kama ushanga, mrudishie mwenyewe. Na uzi wa cherehani je? Ukiwa wa poliesta, ambayo ni plastiki, mkoba utaoza, mishono ibaki ikielea.