Muulize Mwalimu: Msuli ukituna, nyama inatoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpakiaji wa magunia Kariakoo. Nikinyanyua gunia la mchele, msuli wa mkono unatuna kama embe. Nasema ni damu inajaa. Mwenzangu anabisha kwamba nyuzi za ndani hujikunja kama springi. Tumewekeana soda. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Soda nitakunywa mimi, maana nyote mmekosa.

Damu huongezeka kweli ukifanya kazi kwa muda, lakini kule kutuna kwa ghafla hakungoji damu. Katika karne ya 17 Mholanzi Jan Swammerdam aliufungia msuli wa chura ndani ya kichupa, akaushtua ukajikaza: ujazo wake haukuongezeka. Msuli hufupika, basi hunenepa. Donge la chapati ukilisukuma ncha mbili hufanya vivyo hivyo.

Sasa mwenzako. Uzi wa msuli una vipingili kama muwa, kila kimoja milimita 0.0025 hivi. Huitwa sakomea. Katikati ya kipingili zimelala nyuzi nene za miosini. Kutoka kuta za ncha zake mbili zinaingia nyuzi nyembamba za aktini. Msuli ukijikaza, nyembamba huteleza katikati ya nene, na kuta husogeleana. Hakuna uzi unaojikunja. Sukuma mtoto wa meza ndani: meza haijafupika, wala mtoto wake. Mwaka 1954 Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kando yao Hugh Huxley na Jean Hanson, waliliona hilo kwa hadubini: mistari myeusi ya msuli, penye nyuzi nene, ilibaki na upana wake, ile myeupe, penye nyembamba tupu, ikasinyaa. (Akina Huxley hao hawakuwa ndugu. Wanafunzi wangu waliwachanganya kila mtihani.)

Uzi wa sentimita 10 una vipingili kama 40,000. Kila kimoja kikipungua milimita 0.0005 tu, umefupika sentimita 2. Gunia limepanda.

Anayevuta ni nani? Miosini ina vichwa vidogo. Nilikulia Pangani, nikaona watu wakivuta juya, wavu mkubwa wa samaki, kabla halijapigwa marufuku: huyu anashika kamba, anavuta, anaachia, anashika mbele zaidi, na wakati huo wenzake wameikaza isirudi baharini. Vichwa vya miosini hufanya hivyo juu ya aktini. Ishara ya kuanza ni kalsiamu, inayomwagika ndani ya uzi neva ikiamuru na kufunua mahali pa kushika.

Jambo wengi wasilotegemea ni kwamba kichwa kilichokwisha kuvuta hakiwezi kuachia mpaka kipate ATP, nishati ya mwili. Ndiyo maana mbuzi aliyechinjwa hukakamaa baada ya saa chache: ATP imekwisha, vichwa vimeng'ang'ania kamba. Mchinjaji akikuuzia nyama hiyo jioni na kukuapia ni laini, mwambie Mwalimu amekataa.