Sigh: pumzi moja, matumizi mengi

Mwanafunzi akikutana na neno la Kiingereza sigh kwenye hadithi, haraka haraka analitafsiri "kuhema". Hapo ameshapotea. Anayehema ametoka mbio au amepanda ngazi, na pumzi zake ni nyingi tena za harakaharaka. Sigh ni pumzi moja, ndefu, inayotoka kwa sauti ya kusikika, na Kiswahili kina msemo wake tayari: kushusha pumzi. Kusonya ni jambo jingine kabisa, kwani pale hewa hufyonzwa kwa meno na midomo, na ndani yake mna dharau.

Matamshi yake ni "sai". Herufi gh ziko kimya, kama kwenye high na thigh. Balaa lipo kwenye imla: sighed hutamkwa sawasawa na side, na sighs husikika kama size. Sikiliza sentensi nzima kabla ya kuandika. Kwenye kuchapa, kosa la kawaida ni sign, na kompyuta haitalipigia mstari mwekundu.

Panapoharibika zaidi ni kwenye vitenzi vinavyoandamana nalo. Kwa kuwa sisi huvuta pumzi, wengi huandika take a sigh. Take huenda na breath. Sigh hutolewa: give a sigh, let out a sigh, au heave a sigh ikiwa pumzi yenyewe ni nzito. Kwa ahueni, andika she sighed with relief au she breathed a sigh of relief; she sighed a relief si Kiingereza. Sigh for nayo ina maana ya kumtamani aliye mbali. Ina harufu ya mashairi ya zamani, iache hukohuko.

Neno lenyewe halikuambii hisia. Inaweza kuwa huzuni, uchovu, ahueni au kumchoka mtu, kwa hiyo mtafsiri asome mbele kidogo kabla ya kuongeza "kwa masikitiko" asiyoyaona. Tazama hii: "Fine," he sighed. Kiingereza hapa kimelifanya sigh kuwa kitenzi cha kusema. Kiswahili hakishushi pumzi maneno, hivyo tenganisha: "Haya basi," alisema huku akishusha pumzi. Upepo ukifanya sigh minazini, achana na pumzi kabisa. Sema ulivuma kwa sauti ya chini. Na gazeti likisema wakulima walitoa a sigh of relief baada ya mvua kunyesha, "wakulima wamepumua" inatosha.

Kwenye maandishi ya kitabibu tahadhari zaidi. Huko sigh ni pumzi inayoingia kwa kina, takriban mara mbili ya pumzi ya kawaida, kisha ikatoka. Mwili huifanya wenyewe mara kadhaa kwa saa, bila huzuni yoyote, ili vifuko vidogo vya hewa vilivyosinyaa mapafuni vifunguke tena. Ukiandika "kushusha pumzi" umeeleza nusu tu. "Pumzi ya kina" ndiyo inayofaa.

Katika kuchati, sigh iliyowekwa peke yake kati ya vinyota si kitenzi, ni mguno wa kuchoshwa, jirani wa "aah, basi tena". Kwa rafiki haina neno. Kwa bosi aliyekutumia kazi saa kumi na moja jioni, ataisoma kama jibu.