NAS ikianza kusumbua, shika adapta kabla ya diski

Dalili zenyewe ni zile zile. NAS, kile kisanduku cha diski kinachotunza faili za nyumba nzima kupitia mtandao, inawaka, feni inavuma, taa zinapepesa, diski zinaanza kuzunguka, halafu ghafla kimya. Sekunde chache baadaye inaanza upya. Au inakaa vizuri asubuhi nzima, ila ukianza kuhamishia picha za harusi inajizima katikati ya kazi. Mwenye mashine akiona hivyo mawazo yote yanakimbilia kwenye diski, maana humo ndimo mali ilimo. Mimi nimeishi na mashine hizi hapa Dar muda mrefu, na nimetengeneza za ndugu na jamaa pia, na ushauri wangu ni huu: diski ziache kwanza zilipo. Shika adapta.

Yangu ya diski mbili ilipoanza mchezo huo niliipeleka kwa fundi Kariakoo. Hakuifungua hata. "Kaka, diski zimekufa hizo, zote mbili. Tuweke mpya, tufomati, uanze upya." Diski mbili nilizonunua kwa nyakati tofauti zife siku moja? Nikaibeba nikarudi nayo nyumbani, na diski zile zile zinafanya kazi mpaka leo.

Kinachotokea ni hiki. Diski ya inchi 3.5 ikishashika kasi haili umeme mwingi, lakini wakati wa kuanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye njia ya volti 12. Zikiamka mbili kwa pamoja ni kama ampea 4, na hapo hujahesabu bodi wala feni. Adapta ya mashine za ukubwa huu mara nyingi ni ya wati 60 hivi, yaani ampea 5. Ikiwa mpya inamudu. Ikishakaa miaka nyuma ya kabati la TV kwenye joto letu hili, ikipigwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kapasita zake za ndani zinachoka. Taa yake ya kijani inaendelea kuwaka kama kawaida, na ukiipima kwa multimita ikiwa haina mzigo inakupa volti 12 safi kabisa. Hapo ndipo wengi wanapoiondolea lawama.

Ipime ikiwa inafanya kazi. Mzigo wa bei nafuu kuliko yote ni balbu za indiketa za gari, zile za volti 12 wati 21, zinazopatikana kwenye duka lolote la spea. Moja inavuta ampea 1.75, kwa hiyo mbili ukiziunga sambamba unapata ampea 3.5, karibu sawa na kile diski zinachodai wakati wa kuamka. Unga, washa, gusisha ncha za multimita. Adapta nzima itabaki kwenye 12 au itashuka kidogo tu. Yangu ilisoma 12.1 bila mzigo. Balbu zilipowaka ikaporomoka chini ya 10, na mwanga ukawa unapanda na kushuka kama mtu anayehema. Balbu hizo zinachemka haraka, zisiguse zulia wala meza ya plastiki.

Usiipasue adapta kwenda kubadilisha kapasita mwenyewe, hata kama umeshika solda tangu sekondari. Ndani yake kuna kapasita kubwa inayobeba zaidi ya volti 300, na inaweza kuendelea kuzishika hata baada ya kuchomoa. Nunua nyingine. Volti ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi (zikizidi hazina madhara, mashine inachukua inachohitaji), chanya na hasi zikae upande ule ule. Halafu angalia ncha: zipo zenye tundu la milimita 2.1 na zipo za 2.5, kwa nje zote ni 5.5. Ya 2.5 ukiichomeka kwenye pini ya 2.1 inaingia vizuri tu, ila inachezacheza, na ukigusa waya NAS inazima. Umerudi ulikotoka. Na ishike mkononi kabla hujalipa. Adapta iliyoandikwa ampea 6 lakini nyepesi kama chaja ya simu, mrudishie mwenyewe.

Kama adapta ni nzima, sasa njoo kwenye diski, na hapo pia usikisie. Kila diski ina kumbukumbu za afya yake, SMART, na NAS nyingi zinakuonyesha. Orodha ni ndefu lakini mimi naangalia namba nne. Namba 5 ni sehemu za diski zilizokwisha kuharibika na kuhamishwa. 197 na 198 ni zile zinazogoma kusomeka. Hizi tatu zikiwa sifuri nalala usingizi. Zikianza kupanda wiki hadi wiki natafuta diski nyingine. 199 ni habari tofauti kabisa: ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi, na mara nyingi ni kebo au mguso mchafu. Kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewani na vumbi vinakaa kwenye vile vipande vya dhahabu vya kuunganishia diski. Zima, chomoa, futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha. Namba yenyewe haitarudi sifuri, ila ikisimama hapo hapo tatizo limekwisha.

Kabla ya kuchomoa, andika 1 na 2 juu ya diski kwa kalamu ya wino. Na kama zimeungwa kwa RAID 1, yaani moja ni nakala ya mwenzake, usiwashe mashine na moja tu eti "tujaribu". Ikishawaka na moja, zile mbili hazifanani tena, na itabidi ya pili ijengwe upya kwa saa nyingi, kazi nzito kwa diski ambayo tayari unaishuku. Kujaribu tumia diski kuukuu isiyo na kitu.

Mashine ikikuletea ujumbe kwamba haitambui diski na kukupa kitufe cha kuziandaa upya, usikibonyeze. NAS nyingi za nyumbani ndani yake ni Linux, na diski zimeungwa kwa mdadm ya kawaida, programu ya Linux ya kuunganisha diski. Maana yake zinaweza kusomeka kwenye kompyuta yoyote iliyowashwa kwa flashi ya Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), bila ile NAS yenyewe. Zifungue kwa kusoma tu, nakili vilivyomo, ndipo ufikirie kitufe.

Malalamiko mengine ninayoletewa sana ni spidi. Mtu anataka kuongeza RAM kwa sababu faili zinakwenda taratibu. Muulize kwanza zinakwenda kwa ngapi. Akikwambia megabaiti 11 kwa sekunde, RAM haihusiki: hiyo ni laini ya megabiti 100 (biti nane ni baiti moja). Gigabiti, yaani megabiti 1,000, inataka jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo, ile ya 100 inatosheka na mbili, kwa hiyo waya mmoja ukikatika au fundi akibana nyaya nne tu kwenye kichwa, vifaa vinashuka kimyakimya na hakuna atakayekwambia. Badilisha kebo. Ikipanda hadi karibu 110, umefika mwisho wa gigabiti. RAM ina maana kwa anayeendesha kamera za ulinzi na programu nyingine nyingi humo humo, basi.

Feni nayo ukiibadilisha kwa isiyo na kelele, hakikisha spidi yake haiko chini sana, maana mashine itadhani imekufa na kuanza kupiga kengele. Angalia pia mpangilio wa nyaya. Si kila mtengenezaji anafuata ule wa kawaida. Kuhusu joto lenyewe, watu wanaogopa kupita kiasi. Google walichapisha mwaka 2007 utafiti wa diski zaidi ya laki moja, na uhusiano kati ya joto na kufa kwa diski ulikuwa dhaifu kuliko ilivyoaminika. Za kwangu zikiwa nyuzi 42 au 44 mchana wa Februari, siwazi.

Halafu kuna NAS kuukuu iliyokuwa inaonekana kwenye kompyuta ya zamani, ukanunua mpya haionekani. Haijaharibika. Kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017, Windows 10 ilianza kuiacha SMB ya kwanza, njia ya zamani ya kushirikisha faili. Utashauriwa uiwashe. Kataa: ni mlango ule ule alioutumia mdudu wa kompyuta aitwaye WannaCry Mei 2017. Ingia kwenye mipangilio ya NAS, weka SMB 2 kwenda juu, kisha andika anwani yake moja kwa moja badala ya kungoja ijitokeze. Kama haina SMB 2 kabisa, ibaki kuwa kifaa cha kufanyia majaribio.

Na usifungue milango (port) ya ruta ili uifikie kutoka safarini. Juni 2021 wenye My Book Live, diski ya mtandao ya Western Digital, sehemu mbalimbali duniani walikuta diski zao zimefutwa kwa mbali kupitia intaneti. Programu ya kifaa hicho ilikuwa haijasasishwa tangu 2015. Weka WireGuard, programu ya VPN inayokupa njia ya siri, uingie kama uko nyumbani.

Kitu pekee ninachomlazimisha kila mtu kununua ni UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, yenye kebo ya USB. Wengi wanayo UPS lakini ile kebo iko kwenye boksi bado. Ichomeke kwenye NAS, uiambie ijizime yenyewe umeme ukikosekana dakika tano, kisha siku ya Jumapili chomoa UPS ukutani usimame uangalie kama kweli inazima. Betri za UPS zinakufa bila kuaga, kwa hiyo rudia jaribio hilo kila baada ya miezi michache. Nakala nyingine ya picha na hati, ile isiyo RAID, yangu iko kwenye diski ya nje kwa dada Morogoro. Nikienda kumsalimu nabeba mpya, narudi na ya zamani.