Blogu katika Somo la Jamii

SWALI: Mhariri, ninafundisha Gredi ya Sita hapa mtaani Kayole, Nairobi, na wanafunzi wangu husinzia katika somo la jamii. Je, blogu ya darasa itafaa?

JIBU: Itafaa sana, Mwalimu, mradi kila makala izae mjadala. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Waulize mtaa wao nao ulianzaje, kisha kila mmoja aandike aliyoyasikia kwa wazee na amjibu mwenzake kwa hoja, wala si kwa "vizuri" tupu, kwani hapo ndipo uraia hufunzwa hasa. Simu yako moja yatosha, wakiandika kwanza daftarini. Usichapishe picha wala majina kamili: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto.