Kwa nini Wales ina timu nne za mikoa badala ya tano

Ndugu uliyeuliza timu ya tano ya mkoa ya raga ya Wales ilikwenda wapi, jibu ni kwamba ilivunjwa baada ya msimu mmoja tu. Mwaka 2003 Chama cha Raga cha Wales, kilipoona kwamba fedha zilizopo hazitoshi kuendesha klabu tisa za kulipwa, kiliziunganisha kuwa timu tano za mikoa, na klabu za Pontypridd na Bridgend, zilizokuwa mahasimu wa miaka mingi, zikawa timu moja iliyoitwa Celtic Warriors. Ndoa hiyo ilikuwa ya shida tangu mwanzo, kwa kuwa mechi nyingi zilichezwa Brewery Field, nyumbani kwa Bridgend, na mashabiki wa Pontypridd, kwa haki kabisa nionavyo mimi, wakajihisi wageni. Uwanjani hawakuwa wanyonge hata kidogo: Januari 2004 waliifunga Wasps, klabu ya England, 14-9 huko huko kwao, na Wasps hao hao ndio waliotwaa Kombe la Heineken, kombe la klabu bora za Ulaya, msimu ule. Hata hivyo madeni yalizidi, Chama kikainunua timu na kuivunja katikati ya 2004. Mchezaji wao Gareth Thomas, nahodha wa baadaye wa Wales, alihamia Toulouse, Ufaransa.