Usizitie plastiki barua za baba mkwe wako

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Saskatchewan, Kanada, huu mwaka wa 11. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana. Kazi yake ilikuwa ualimu, lakini watu walimjua kwa vitabu na makala zake za magazetini kuhusu historia ya nyanda za huku: wahamiaji, reli, ukame wa miaka ya 1930. Ameacha maboksi 23 katika chumba cha chini ya nyumba. Kuna miswada iliyopigwa taipu, vipande vya magazeti, picha, kaseti, na barua nyingi mno kutoka kwa wasomaji wake, nyingine zimefungwa vifurushi kwa kamba ya katani. Nyumba itauzwa kabla ya Juni. Nimeshanunua mashine ya kulamineti na albamu za plastiki, na nataka kupanga barua zote kwa tarehe. Mume wangu anasema za wasomaji tuzitupe, tubaki na miswada na barua za wachapishaji. Maboksi mawili yana vinyesi vya panya. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa msiba.

Anzia kwa panya, maana hapo kinachohatarishwa ni mapafu yako, si karatasi. Huko magharibi ya Kanada kuna panya mdogo wa mashambani, mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, anayebeba kirusi cha hanta. Mtu hukivuta pamoja na vumbi la mkojo na vinyesi vilivyokauka, na maradhi yake huua. Kwa hiyo usifagie, usipige vumbi, usipitishe mashine ya kuvuta vumbi. Fungua madirisha, toka, kaa nje nusu saa. Kisha vaa barakoa ya N95 na glavu za mpira, lowesha sakafu kwa dawa ya kuua vijidudu na uipanguse ikiwa bado mbichi. Maboksi yale mawili usiyanyunyizie kitu. Yaingize mazimamazima kwenye mifuko mizito ya plastiki, yafunge, yaandike alama, uyaweke mbali na watoto. Wala usidhani kuyaacha nje kwenye theluji kutayasafisha: baridi hukihifadhi kirusi hicho, haikiui. Maboksi hayo yatafunguliwa na watu wenye vifaa, nawe utawaambia mapema yana nini.

Sasa ile mashine. Irudishe dukani kama risiti bado unayo. Najua ilikotoka fikra hiyo. Kwetu kila cheti cha thamani kinalaminetiwa, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, hata cha ndoa, na anayefanya hivyo anadhani amekilinda. Lakini mashine ile inayeyusha gundi kwa moto na kuisukuma ndani ya nyuzi za karatasi, na ikishaingia haitoki. Asidi iliyomo ndani ya karatasi inafungiwa humo humo, inaendelea kuila taratibu, na hakuna fundi atakayeweza kuifikia. Katikati ya karne iliyopita hata hifadhi kubwa za nyaraka zilitia hati zao plastiki kwa nia njema kabisa, na hadi leo mafundi wanahangaika kuzibandua moja moja. Kanuni tunayofanyia kazi sisi wahifadhi wa nyaraka ni moja: usifanye jambo ambalo kesho haliwezi kutenguliwa.

Albamu nazo, zinuse. Zikitoa ile harufu ya pazia jipya la bafuni, ni plastiki ya PVC, ambayo hutoa asidi jinsi inavyozeeka na kunyonya wino wa barua hadi ukabandukia kwenye plastiki. Karatasi dhaifu inayohitaji kushikiliwa huwekwa ndani ya bahasha angavu ya poliesta, bila moto wala gundi. Nyingine zote zinatosha na jalada la karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi la aina hiyo hiyo.

Jambo ambalo ningekuomba ulifikirie kuliko yote ni hilo la kupanga kwa tarehe. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii, nilipewa kasha la barua za mfanyabiashara mmoja wa Pwani. Zilikuwa zimechanganyika, au ndivyo nilivyoona, nikazipanga vizuri mwaka kwa mwaka. Mzee aliyekuwa akinifundisha alipoona aliketi akanyamaza kwa muda mrefu. Kila kifurushi kilikuwa ni jambo moja, deni moja, shamba moja, mirathi moja, na mpangilio ule ndio uliokuwa unaeleza nani alimjibu nani na kwa sababu gani. Nilikuwa nimeufuta kwa mchana mmoja. Barua zilibaki zote, lakini maelezo yake yalipotea, na bado linaniuma.

Baba mkwe wako alifunga vifurushi vile kwa mkono wake. Yawezekana kimoja ni barua zilizomiminika baada ya makala fulani, na kingine ni ushahidi aliotumia kwa sura ya kitabu. Ukizichanganya kwa tarehe, mtafiti wa kesho atajua barua iliandikwa lini lakini hatajua ilimfaa mwandishi kwa nini. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, piga picha kila boksi lilivyo, kifuniko kikiwa juu, kisha kikiwa kimeondolewa. Lipe namba. Andika kwenye daftari lilikuwa wapi, chini ya meza, kwenye rafu ya pili, pembeni ya taipureta. Ukiandika juu ya jalada, tumia penseli tu, na uandike kabla hujaweka karatasi ndani ili maandishi yasijichapishe.

Na sasa mume wako. Mwambie kwa upole kwamba ameligeuza jambo. Kitabu kilichochapishwa kipo maktabani, hata kama mswada ungeungua leo. Barua za wachapishaji zina faida yake, zinaonyesha mkataba na mahali mhariri alipokata. Lakini barua ya mama aliyelima ekari 160, zile zilizotolewa kwa ada ya dola 10 chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1872, akimweleza mwandishi jinsi walivyolowesha shuka na kuzitundika madirishani ili vumbi lisiwafikie watoto, hiyo haipo mahali pengine popote duniani. Hakuna nakala. Aliyeiandika amekufa, na huenda hakuwahi kuandika kitu kingine katika maisha yake zaidi ya hiyo barua.

Hivyo ndivyo historia ya aina hiyo ilivyoandikwa huko. Chukua James H. Gray, mwandishi wa habari wa Winnipeg aliyekosa kazi katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 akaishi na familia yake kwa posho ya msaada. Miongo mitatu baadaye aliandika juu ya miaka ile ile, na baada ya hapo juu ya ukame, ulevi na madanguro ya miji ya nyanda, mambo ambayo wanazuoni wengi walikuwa wameyapita pembeni. Au Grant MacEwan, mwalimu wa ufugaji wa chuo kikuu, aliyekuja kuwa meya wa Calgary na kisha Luteni Gavana, yaani mwakilishi wa malkia, wa jimbo la Alberta kuanzia 1966 hadi 1974, huku akitoa kitabu baada ya kitabu kuhusu wakulima na farasi wao. Waandishi hawa waliwaandikia majirani, na majirani wakawajibu. Alberta na Saskatchewan zilipotimiza miaka 50 ya kuwa majimbo mwaka 1955, na tena miaka 75 mwaka 1980, vijiji vingi vilitoa vitabu vyao vya historia, na mtu kama baba mkwe wako ndiye waliyemtumia kumbukumbu zao. Kwa hiyo hizo barua si zake peke yake. Ni sauti ya wilaya nzima iliyopitia mezani kwake.

Kuhusu mahali pa kuziweka hadi Juni. Huku Pwani tunapigana na unyevu, mchwa na chumvi ya hewani. Adui wako wewe ni mwingine, tena ana nyuso mbili. Wakati wa baridi kali, hita ikifanya kazi usiku na mchana, unyevu wa hewa ndani ya nyumba za huko unaweza kushuka chini ya asilimia 20, na karatasi inakauka mpaka inavunjika kwenye mkunjo kama kaukau. Theluji ikiyeyuka, chumba cha chini kinaanza kutoa jasho ukutani. Karatasi inachoshwa zaidi na huko kupanda na kushuka kuliko hali yoyote iliyotulia. Zipandishe juu, kwenye kabati la katikati ya nyumba lisiloegemea ukuta wa nje, ziinuliwe kutoka sakafuni, mbali na matundu ya hita. Darini usithubutu. Nyuzijoto 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50 zinatosha, na kipimo chake kidogo kinauzwa kwa bei ndogo. Ukilazimika kusafirisha maboksi siku ya baridi kali, yafunge kwanza kwenye plastiki, na ukifika uyaache hivyo hivyo siku nzima kabla ya kufungua. La sivyo umande utatua juu ya karatasi baridi kama unavyotua kwenye chupa ya soda.

Ukikuta karatasi zenye ukungu, zitenge, ziache zikauke, usizifute kwa mkono wala kwa dawa. Zikilowa maji, una siku mbili hivi kabla ukungu haujaota. Zisizoweza kuanikwa haraka ziingize kwenye friza.

Ndani ya maboksi, fanya machache. Mipira ya kufungia iliyoganda ondoa. Klipu zenye kutu zitoe polepole: telezesha kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya klipu pande zote mbili, kisha sukuma karatasi itoke, usivute klipu. Selotepu iache ilivyo, hata ikikukera macho. Mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, ambazo hukunyima hisia za vidole na kukwaruza kingo zilizochanika. Kwa picha na negatifu, ndiyo, vaa glavu za mpira laini. Negatifu zikinukia siki, zitenge na nyingine. Zikiwa za kabla ya miaka ya 1950, zimekuwa za manjano na zinanata, huenda ni za nitrati, ambazo hushika moto kwa urahisi mno. Hizo ziweke mahali pa baridi na uwapigie simu wahifadhi siku hiyo hiyo.

Vipande vya magazeti vitakusumbua. Karatasi ya gazeti imejaa asidi, na ukiiacha imelalia barua inaiachia doa la kahawia lenye umbo lake. Usivitoe mahali pake. Weka karatasi isiyo na asidi juu na chini ya kila kipande, au kitolee fotokopi kwenye karatasi nzuri ikae mahali pale pale.

Kaseti ndizo zenye haraka kuliko karatasi. Kama alirekodi wazee, basi huenda mna sauti za watu waliozaliwa karne ya 19. Vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili asitokee mtu akarekodi juu yake, wala usizijaribu kwenye redio ya zamani uliyoikuta gereji. Zipelekwe kwa mtu mwenye mashine iliyotunzwa, azihamishe kwa faili za WAV za biti 24, si MP3.

Kuskani kunaweza kusubiri. Ukitaka nakala za familia, barua piga kwa nukta 400 kwa inchi na picha kwa 600, uhifadhi kwa faili za TIFF, nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba. Lakini skani haichukui nafasi ya barua yenyewe.

Sasa fikiria wapi zitaishi, maana kabati lako ni kituo cha njiani tu. Waandikie Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Saskatchewan, iliyoanzishwa mwaka 1945, au hifadhi ya Chuo Kikuu cha Saskatchewan kule Saskatoon. Waeleze kwa ukurasa mmoja: alikuwa nani, maboksi mangapi, miaka gani, hali ikoje, na tarehe ya kuuzwa nyumba. Watume mtu aje kuona kabla hamjatupa hata risiti. Zote ziende mahali pamoja. Msigawane, miswada kwa huyu na picha kwa yule. Wakizikubali kutakuwa na hati ya kukabidhi ya kutia saini, na zikithaminiwa mnaweza kupata risiti ya kupunguziwa kodi.

Katika hati hiyo angalieni hakimiliki. Barua aliyoipokea baba mkwe ilikuwa mali yake kama karatasi, lakini maneno yaliyomo ni haki ya aliyeyaandika na warithi wake. Tangu mwisho wa 2022 haki hiyo Kanada hudumu miaka 70 baada ya kifo, si 50 tena. Kwa hiyo msizichapishe barua za wasomaji mtandaoni, hata kwa mapenzi. Zenye siri za watu walio hai, au watoto wao, ombeni zifungwe kwa muda mtakaokubaliana. Na mkikuta ushuhuda, picha au kanda za watu wa Mataifa ya Kwanza au Wametisi, yaani wenyeji wa asili wa Kanada, hasa kuhusu shule za bweni walikopelekwa watoto kwa nguvu, zionyesheni kwa wahifadhi kando na nyingine. Jamii hizo zina haki ya kuulizwa kwanza, na Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano katika Chuo Kikuu cha Manitoba kinajua njia ya kuwafikia.

Limebaki la kamba ya katani. Wewe mtu wa Tanga huhitaji kuelezwa katani ni nini. Wakulima wa huko walifungia kwayo miganda ya ngano na marobota ya nyasi, ndiyo maana ilikuwa karibu na mkono wake. Lakini kamba hiyo inakata kingo za karatasi na kuacha manyoya yake ndani. Piga picha ya kila kifurushi kikiwa bado kimefungwa, na fundo lionekane. Kisha fungua, usikate. Weka barua kwenye jalada kwa mfuatano ule ule uliozikuta, uandike kwa penseli: kifurushi cha 1, kilifungwa kwa kamba. Kamba zenyewe hifadhi ya nyaraka haitazihitaji. Bakini nazo nyumbani.